Abdo ya juu ya kitanda ao ya chini kwenye simenti: vile unaweza kufanya bila kuharibu mugongo

Naanzia kwenye kitanda yangu juu ndiyo ilinifundisha hii yote. Nilikuwa naishi mu chumba kimoja huku Goma, Katindo, nyumba ya mbao, chini wamemwaga simenti nyembamba juu ya mawe ya volkano, na mwenye anaijua Goma anajua asubuhi ile simenti inakuwaka baridi namna gani, tuko karibu mita 1500 hapa, si Kinshasa. Basi nikajiambia niteseke ya nini, nitapiga abdo, yale mazoezi ya misuli ya tumbo, palepale nalala. Kila usiku mia moja, ile ya zamani ya kuinuka mwili muzima mpaka kifua inakaribia magoti, vidole vya miguu nimechomeka chini ya ubao wa mwisho wa kitanda. Wiki ya tatu mambo mawili yakafuatana: usiku mbao mbili za kubeba matela zikavunjika, na asubuhi yake kuinama kufunga kamba za kiatu ikanishinda kabisa. Mbao nilinunua zingine. Mugongo ulinikamata karibu miezi miwili.

Ndipo nikaenda kuona mama mumoja mwenye anafanyaka kazi ya kine, ile ya kutibu watu kwa mazoezi ya mwili. Alicheka kwanza. Alafu akanilaza chini, akaniambia weka mukono wako mu lile pengo chini ya kiuno, kisha nyoosha miguu yote mbili uiinue pamoja. Nikasikia kiuno kinaacha mukono, kinapanda kama daraja. "Umesikia? Ile matela yako haiwezi kukuambia hivyo," ndivyo alisema, na toka siku ile sijaisahau. Sakafu inakuambia ukweli ya mugongo wako, matela inaficha. Yote yenye nitaandika hapa chini inatoka mu hiyo neno moja.

Ndani ya tumbo kuko nini

Watu wanafikiria tumbo ni ule musuli mumoja wa mbele, wa kutoa tablete, zile pande-pande zenye zinaonekana kwenye tumbo. Ule uko, unatoka kwenye mufupa wa chini ya kinena unapanda mpaka kwenye mbavu, kazi yake ni kukunja kifua kuelekea kiuno. Pembeni kuko mingine miwili kila upande, imelaliana, nyuzi zake zinapishana, hiyo inakuzungusha na inakuzuia usiangukie upande. Kisha chini ya hiyo yote kuko mwenye kuzunguka tumbo toka nyuma mpaka mbele, kama vile mama anajifunga kitenge kiunoni akaze kabla ya kubeba bidon ya maji ya litre 20. Ule wa kitenge ndio unashika mugongo. Hautauona kwenye kioo hata siku moja, ndiyo maana watu wanausahauka.

Alafu kuko mwizi. Kuko musuli wenye si wa tumbo lakini unaiba kazi ya tumbo: unatoka kwenye mifupa ya kiuno, unapita ndani ya nyonga, unashikamana na mufupa wa paja. Ukichomeka miguu chini ya kitu ukainuka muzima, yeye ndiye anachukua kazi kubwa, na akivuta, anavuta ile mifupa ya kiuno nayo. Wewe unahesabu mia moja, unajisifu, kumbe tumbo ilifanya nusu tu na kiuno ndicho kililipa.

Na kati ya mufupa na mufupa wa uti wa mugongo kuko zile diske, laini kidogo. Usiku ukilala zinakunywa maji zinavimba, ndiyo maana asubuhi mutu anakuwaka murefu kuliko jioni, sentimita moja ao zaidi kidogo. Zikivimba hivyo hazipendi kukunjwa. Sasa fikiria yule mwenye anafungua macho saa kumi na mbili na palepale kwenye kitanda anaanza kupiga abdo ya kukunja: amechagua saa mbaya na fasi mbaya kwa wakati mumoja. Amka, tembea, chota maji, fagia, kisha nusu saa ao saa moja ikipita ndiyo ufanye. Mi nafanyaka jioni, mbele ya bugali, juu bugali na sombe ikisha kuingia hakuna mutu anaweza kulala chali na kukaza tumbo, ngoja karibu masaa mawili.

Hata wakubwa wa hii mambo walibadilisha. Kuko professeri wa Kanada, Stuart McGill, wa universite ya Waterloo, alitumia miaka mingi kupima uzito wenye mugongo unabeba mutu akifanya mazoezi, na mwishowe alikuwa anapendekeza mazoezi matatu yenye haikunje mugongo hata kidogo ao inakunja kidogo sana. Jeshi la maji la Marekani nalo, mwaka 2021, liliondoa kuinuka-inuka kwenye mutihani wake wa nguvu likaweka kukaa kama ubao. Kwa hiyo kama kijana wa jirani anakucheka juu haupige mia, mwache apige.

Matela inakudanganya namna gani

Kiuno na makalio ndiyo sehemu nzito ya mwili. Ukilala chali juu ya matela laini, ndizo zinazama, na mugongo unakuwa kama mutumbwi. Umeanza zoezi na mugongo wenye umekunjwa tayari, alafu unakunja tena juu yake. Ile kukandamiza kiuno chini, yenye ni musingi wa kila kitu, hauwezi kuisikia, juu chini yako kila fasi kunabonyea.

Pili, shingo. Matela inarudisha mwili juu, inakusukuma kama mupira, basi unainuka kwa kasi na mikono inavuta kichwa. Kesho yake hauna uchungu wa tumbo, uko na uchungu wa shingo.

Tatu, ukijaribu genaji, ile ya kukaa kama ubao juu ya viwiko, viwiko vinazama, tumbo inaning'inia, mabega yanapanda kwenye masikio. Ukiweka viganja ndiyo mbaya zaidi, kifundo cha mukono kinapinda kupita kiasi. Kuko watu wanasemaka eti fasi ya kuyumba inafanya musuli ukamilike zaidi. Ni kweli kwa mutu mwenye ameshajua, na kwa kitu kimetengenezwa kwa ile kazi. Matela ya miaka sita yenye iko na shimo katikati haikutengenezwa kwa ile kazi.

Zingine ni ndogo lakini zinaumiza: ukingo wa kitanda, ukuta wa mbao wenye misumari, mustikere (chandarua cha mbu) yenye unaivuta na muguu inashuka yote juu yako. Na mbao. Usisahau mbao.

Niliwahi kupima matela yangu kwa bidon. Niliweka bidon ya litre 20 imejaa, ni kilo 20, katikati ya matela, nikaangalia inazama vidole ngapi. Vidole viwili, matela ni ngumu, unaweza kufanyia mazoezi ya kulala yale mepesi. Ikizama kiganja kizima, hiyo ni ya kulala tu. Haiko mu kitabu chochote, ni kipimo yangu, lakini kwangu ilitosha.

Sasa nani afanyie kwenye kitanda?

Nisije kuonekana natukana kitanda. Kuko watu kwao kitanda ni fasi ya kweli ya kuanzia. Mutu mwenye hawezi kushuka chini na kupanda tena bila kushikwa: mama muzee, baba mwenye magoti yameisha, mutu amelala siku nyingi mu lopitali. Mwenye amepasuliwa na munganga amemupa ruhusa ya kuanza kupumua na kusogeza miguu. Mwenye chini kwake kuna maji wakati wa mvua ao ni mawe tu, juu hapa kwetu kuko nyumba nyingi ambazo chini ni volkano yenyewe, hawajamwaga kitu, na ile mawe inakata kama chupa. Kwa hao wote kitanda ni sawa, lakini mazoezi yake ni mengine, nitayafikia.

Wewe mwenye uko muzima, unaweza kuchuchumaa na kusimama, shuka chini. Baridi ina dawa.

Kutayarisha chini

Fagia kwanza, na fagia vizuri, ile vumbi nyeusi ya Goma inaingia kwenye pua ukipumua kwa nguvu. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, ngoja ikauke. Tandika mukeka, juu yake blanketi moja umekunja mara mbili. Hiyo inatosha: uti wa mugongo hausuguliwe na simenti, na bado unasikia ugumu chini. Ukiweka blanketi tatu na mito ya salo umejitengenezea kitanda ingine, umerudi kulekule.

Kama ule mufupa wa mukia unauma, na kwa watu wembamba unaumaka sana, kunja taulo ndogo uiweke chini ya makalio hapo kwenye mufupa. Usiiweke chini ya kiuno. Watu wanaweka kwenye kiuno juu wanaona kuko pengo wanataka kulijaza, kumbe lile pengo ndilo kipimo chako, ukilijaza hautajua tena kama kiuno kinapanda.

Vaa soksi na kitu cha kufunika mugongo. Na hii moja usicheze nayo: kama umewasha mbabula ya makala ndani juu ya baridi, usifunge mulango na dirisha ukaanza spori. Makala inatoa hewa yenye haina harufu na inaua, na mutu mwenye anapumua kwa nguvu anaivuta haraka zaidi. Mbabula itoke nje, wewe utapata joto mu minuti tatu.

Pumzi mbele ya yote

Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, ufunguke kidogo kama upana wa kiuno. Mukono mumoja chini ya kiuno, mwingine juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua, tumbo ipande. Toa pole pole kwa mudomo kama unapuliza moto wa makala, na wakati unatoa, kaza tumbo kama vile mutoto anataka kukurukia. Usiivute ndani mpaka mbavu zionekane, kaza tu, kama kitenge kimefungwa. Utasikia kiuno kinashuka kidogo juu ya mukono wako. Hapo, ile nguvu ndogo ya kugusa mukono, ndiyo unataka ibaki hivyohivyo mu mazoezi yote. Haitakiwi kuponda mukono, na haitakiwi kuuacha.

Fanya mara kumi. Siku tatu za kwanza fanya hiyo tu. Najua inaonekana ni ujinga, hata mi niliona hivyo. Lakini mwenye hajui hii, mazoezi mengine yote anaifanya kwa mugongo.

Na usizuie pumzi. Mutu akibana pumzi na kukaza, tansio (presha ya damu) inapanda ghafla, na wenye tansio kwetu ni wengi na nusu yao hawajui. Kanuni yenye ni rahisi: hesabu kwa sauti. Ukihesabu kwa sauti hauwezi kubana pumzi.

Mazoezi ya chini

Ya kwanza naiita mende amepinduka, na ukiifanya utaona kwa nini. Chali, inua miguu yote hewani magoti yamekunjwa kama uko umekaa kwenye kiti, mikono inaangalia dari. Kaza kitenge. Sasa shusha mukono wa kuume nyuma ya kichwa na wakati uleule nyoosha muguu wa kushoto mbele, karibu na chini lakini usiguse, rudisha, badilisha upande. Pole pole, segonde tatu kwenda, segonde tatu kurudi. Kiuno kikianza kuacha chini, umeenda mbali: usinyooshe muguu mpaka mwisho, gusisha kisigino tu chini goti likiwa limekunjwa. Mara sita kila upande, seri mbili, ni kusema unamaliza yote, unapumzika, unarudia tena. Hii zoezi kwangu ndiyo mama ya zote na kama una minuti tano tu, fanya hii uachie hapo. Kuko siku baridi imenishinda nimefanya hii peke yake nikaingia kulala.

Ya pili ni kukunja kidogo, ya yule McGill. Muguu mumoja umekunjwa, mwingine umenyooka. Mikono yote mbili chini ya kiuno, viganja vinaangalia chini, ili pengo libaki vile liko. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kama kuko karatasi imeshikwa chini ya nywele mutu anataka kuivuta na wewe unamwachia ipite. Ni kidogo hivyo. Macho kwenye dari, kidevu kisiangukie kifua. Kaa segonde nane ao kumi unapumua, shuka. Mara tano, badilisha muguu, mara tano tena. Mutu mwenye amezoea kuinuka muzima atasema hii si kitu, mwache afikishe segonde kumi kwa mara ya nne tumbo ikianza kutetemeka.

Ya tatu, miguu mine. Magoti na viganja chini, mugongo kama meza ya kuwekea kikombe cha chai. Nyoosha mukono mumoja mbele na muguu wa upande mwingine nyuma, kaa segonde nane, rudisha, badilisha. Muguu usipande juu ya makalio. Magoti yakiuma weka blanketi imekunjwa zaidi hapo chini, kwa magoti haina shida.

Ya mwisho ni genaji. Viwiko chini ya mabega, vidole vya miguu chini, mwili mustari mumoja. Anza na magoti chini kama bado hauwezi, hakuna haya. Segonde kumi, pumzika, segonde kumi, mara tano. Hiyo ni bora kuliko minuti mbili na kiuno kimezama kama kamba ya nguo. Kiuno kikizama zoezi imeisha, hata kama saa ya telefone bado inakimbia. Upande nao ufanye: kiwiko kimoja chini, magoti yamekunjwa, inua nyonga, segonde kumi kila upande mara tatu.

Mazoezi ya kitanda

Angalia mbao kwanza. Inua matela, hesabu, sukuma kila moja kwa mukono, yenye imepasuka badilisha. Funga mustikere juu. Toa muto mukubwa, bakisha muto mwembamba.

Ile ya pumzi niliyoeleza inafanyika vizuri kwenye kitanda, hakuna cha kubadilisha. Kisha kutelezesha kisigino: chali, magoti yamekunjwa, kaza, telezesha kisigino kimoja juu ya shuka mpaka muguu unyooke, rudisha, badilisha, mara nane kila upande. Soksi inasaidia iteleze. Kisha kuegemea nyuma: kaa kwenye ukingo, miguu miwili imegusa chini kabisa, mikono umekunja kwenye kifua, mugongo umenyooka, egemea nyuma kidogo mpaka usikie tumbo inashika, hesabu tano, rudi. Usiende mpaka uanguke chali.

Na kitanda yenyewe inaweza kuwa kifaa, hii napenda sana. Simama mbele yake, kitanda kiguse ukuta ili kisitembee, weka viganja kwenye ubao wa pembeni, ule mugumu, si juu ya matela, rudisha miguu nyuma mpaka mwili uwe mustari. Ni genaji ya kuinama, nyepesi kuliko ya chini, na mama wa miaka sitini anaweza kuifanya kabla hajazoea kushuka.

Kutoka kwenye kitanda ni zoezi nayo, na wengi wanaikosea kila asubuhi. Kukaa wima moja kwa moja kutoka kulala chali ni ile abdo ya kuinuka muzima, ya saa mbaya. Kunja magoti, geuka upande, mabega na nyonga zigeuke pamoja kama gogo, shusha miguu nje ya kitanda na wakati uleule sukuma na kiwiko. Miguu inashuka, kichwa kinapanda. Kwa mwenye mugongo unauma ao amepasuliwa, hii peke yake ni faida kubwa kuliko seri kumi.

Zenye sitaki nione mutu anafanya kwenye kitanda: kuinuka muzima, miguu imechomekwa chini ya ubao, kuinua miguu yote mbili imenyooka, baiskeli ya hewani, kuzungusha kiwiliwili umeshika chupa ya maji, genaji juu ya matela. Kuinua miguu mbili imenyooka hata chini ni ya watu wenye nguvu tayari, jaribu na mukono chini ya kiuno utaelewa.

Bamama na wenye ngiri

Mama mwenye amezaa karibuni asikubali kusukumwa na maneno ya watu eti funga tumbo haraka. Wakati wa mimba ule musuli wa mbele, wenye uko na pande mbili, unaachana katikati, ni kawaida, kwa wengi unarudia wenyewe pole pole. Jipime: chali, magoti yamekunjwa, inua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu ukivilaza kwa upana. Kama vidole vitatu ao zaidi vinaingia mu pengo, ao katikati ya tumbo inatoka juu kama paa la nyumba, acha kukunja kwa aina yote na genaji pia, fanya pumzi na kisigino, na uone mutu wa kine. Aliyezaa kwa kupasuliwa angojee munganga amuangalie, kawaida ni karibu wiki sita, mbele ya hapo ni pumzi na kutembea tu, na asibebe kitu kizito kuliko mutoto wake. Mwenye mimba kubwa, toka miezi mitano hivi, asikae chali muda murefu, mimba inakandamiza mushipa mukubwa wa damu na anaweza kusikia kizunguzungu. Afanye miguu mine na ile ya kusimama kwenye ukingo wa kitanda.

Mwenye ana uvimbe kwenye kitovu ao kinena wenye unatoka akikohoa, hiyo inaweza kuwa ngiri, aende aangaliwe mbele ya abdo yoyote. Na ule uvimbe ukiwa mugumu, unauma sana, haurudi ndani, unatapika, hiyo ni lopitali siku ileile.

Acha mara moja ukisikia hii

Uchungu wa musuli wa tumbo kesho yake, kama umebeba mizigo, ni kawaida, siku mbili unaisha. Uchungu wa kuchoma kwenye kiuno wakati wa zoezi si kawaida. Wenye kushuka kwenye makalio mpaka mu muguu, si kawaida zaidi, acha. Muguu ukipoteza nguvu, ao fasi yenye unakalia ikafa ganzi, ao mukojo ukakushinda kuzuia, usingoje asubuhi, tafuta moto (pikipiki) ikupeleke kwa munganga usiku uleule, hapo kuko mishipa inakandamizwa na kila saa ina hesabu. Na yule kijana wa kupiga mia tano siku moja juu ya shindano na marafiki: mukojo ukitoka na rangi ya chai nzito siku moja ao mbili baadaye, ni musuli umevunjika umeingia mu damu, figo zinaweza kuharibika, hiyo nayo ni lopitali.

Mara ngapi

Mara tatu kwa wiki, tuseme siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, minuti kumi na tano inatosha. Wiki mbili za kwanza seri moja tu ya kila kitu. Wiki ya tatu ongeza seri ya pili. Toka wiki ya tano, badala ya kuongeza hesabu, ongeza upole: segonde tatu ziwe tano. Nasema hivyo juu mwenye kuongeza hesabu anaanza kukimbia, na akikimbia kiuno kinaachia bila yeye kujua.

Mafuta ya tumbo ni mambo ingine na nitaipita haraka: mafuta hayaishe pale musuli unafanya kazi, yanatoka mwili muzima kwa chakula na kutembea. OMS, shirika la afya la dunia, inasema minuti 150 mpaka 300 za kutembea haraka ao kazi ya aina ile kwa wiki, na kufanya misuli kazi angalau siku mbili. Kwa mama mwenye anapanda na bidon toka ziwani ile ya kutembea ameshamaliza kabla ya saa sita, abaki na ile ya misuli. Kwa sisi wa kupanda moto hata kwenda kununua mukate, iko deni.

Mi mukeka yangu inakaa nyuma ya mulango, imesimama. Nikiingia jioni inaanguka kwenye muguu yangu kila mara, siwezi kusema nimesahau. Ile kitanda iko bado, mbao mbili mpya katikati, na siku za mvua nikiwa muvivu nafanyia pale visigino na pumzi, nalala.